Pango Nafuu Huamuliwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Karibu na Times Square jijini New York, kwenye kona ya Eighth Avenue na West 43rd Street, kuna jengo lililojengwa miaka ya 1920 kuwa hoteli. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa limechakaa na mwenye nalo amefilisika, na waliobaki vyumbani ni watu wasio na pa kwenda. Mwaka 1991 asasi changa isiyolenga faida, Common Ground, iliyoanzishwa na Rosanne Haggerty, ililichukua kwa mkopo wa serikali ya jiji na fedha za wawekezaji waliofuata punguzo la kodi. Ikalikarabati, ikapata makazi 652. Karibu nusu ya wapangaji walikuwa watu waliowahi kukosa makazi, wengi wao wakiwa na maradhi ya akili. Waliobaki walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Asasi nyingine iliweka maofisa wa ustawi wa jamii humo humo jengoni.

Wanaosimulia habari hii husifu huruma ya waanzilishi. Huruma ilikuwepo, na bila hiyo asingejitokeza mtu wa kuligusa jengo lile. Lakini mafundi walilipwa kwa fedha, na kila aina ya fedha iliingia na masharti yake. Anayetaka kujua kwa nini mradi mmoja unadumu na mwingine unakufa aanze hapo.

Tupige hesabu ya mfano. Jengo la nyumba ndogo 40 linagharimu dola milioni 10. Ukizikopa zote benki kwa riba ya asilimia 6, ukalipa kwa miaka 30, marejesho peke yake ni karibu dola 1,500 kwa mwezi kwa kila nyumba. Hapo hujagusa bima, maji, fundi wa lifti wala mlinzi wa mlangoni. Sasa mlete mpangaji mwenye ulemavu anayeishi kwa posho ya serikali kuu, ambayo mwaka 2024 haikuzidi dola 943 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kanuni ya huko ni kwamba pango lisipite asilimia 30 ya kipato, kwa hiyo huyu analipa dola 283 hivi. Unaweza kutafuta tofali za bei rahisi na kupunguza ukubwa wa jiko. Pengo hilo halizibiki. Kinachopanga pango ni deni. Kazi ya kwanza basi ni kupata fedha ambazo jengo halitadaiwa, au litadaiwa polepole sana.

Tangu 1986, chanzo kikuu cha fedha hizo Marekani kimekuwa punguzo la kodi kwa nyumba za watu wa kipato cha chini. Kila jimbo hupata mgawo unaotokana na idadi ya watu wake, kisha huwashindanisha wajenzi, na sheria inataka walau asilimia 10 ya mgawo itengewe miradi ya asasi zisizolenga faida. Mshindi hapewi fedha taslimu. Hupewa haki ya kupunguziwa kodi kila mwaka kwa miaka 10. Asasi hailipi kodi ya mapato, kwa hiyo haki hiyo haiifai yenyewe. Inamfaa mwenye kodi kubwa ya kulipa, na mara nyingi huyo ni benki. Sheria nayo inataka anayefaidi punguzo awe mmiliki wa jengo. Ndipo unapoundwa ubia wa ajabu kidogo: benki inamiliki asilimia 99.99 na asasi asilimia 0.01, ilhali ni asasi inayojenga, inayopangisha na inayoamshwa usiku bomba likipasuka. Benki hutoa fedha zake mapema, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo mkopo unavyopungua.

Njia hii imejenga nyumba nyingi, lakini imefunga maisha ya maskini kwenye hesabu za matajiri. Bunge liliposhusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 mwaka 2017, punguzo likapoteza thamani machoni pa wawekezaji, na miradi iliyokuwa na michoro tayari ikajikuta na upungufu mpya.

Tuseme deni limefutwa lote. Dola 283 bado hazitoshi kuendesha nyumba hiyo kwa mwezi katika jiji kama New York. Kwa hiyo panahitajika mkataba wa ruzuku ya pango, ambao kwao serikali inalipa tofauti kati ya anachomudu mpangaji na gharama halisi. Kwa maoni yangu, asasi inayowapokea watu maskini kuliko wote bila mkataba huo inawaahidi isichoweza kutimiza.

Huduma za jengoni zina tatizo lao. Nesi na ofisa ustawi hulipwa kwa misaada inayohuishwa mara kwa mara, wakati mpangaji anaweza kuhitaji msaada kwa miaka 20. Mwaka 2002 Dennis Culhane na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 4,679 wenye maradhi makubwa ya akili waliopewa makazi ya aina hii New York. Kabla ya kuhamia, kila mmoja kwa wastani alitumia huduma za umma zenye gharama ya dola 40,451 kwa mwaka, zikiwemo hospitali, mabweni ya wasio na makazi na jela. Baada ya kuhamia, gharama hizo zilipungua kwa dola 16,281 kwa mwaka kwa kila nyumba, kiasi kinachokaribia gharama yote ya makazi na huduma zake. Ila aliyeokoa fedha ni hospitali na jela. Asasi haiwezi kumpelekea yeyote ankara ya mgonjwa ambaye hakulazwa, na serikali isipohamisha fedha hizo kwa makusudi, nesi anapunguzwa kazi.

Halafu huja mwaka wa 15. Benki imeshapata punguzo lake lote, muda wa kubanwa na mamlaka ya kodi umekwisha, nayo inataka kutoka. Sheria inaruhusu asasi kupewa haki ya kwanza ya kununua jengo kwa bei ya chini, yaani deni lililobaki na kodi zitakazotokana na mauzo. Kwa muda mrefu wengi walidhani hilo ni jambo la kupeana mikono. Lakini majengo yamepanda thamani, baadhi ya hisa zimenunuliwa na kampuni ambazo hazikuwepo wakati wa ujenzi, na kesi zimefika mahakamani. Kampuni hudai, kwa mfano, kwamba haki ile haianzi kufanya kazi mpaka ajitokeze mnunuzi mwingine mwenye nia ya kweli. Ndiyo maana mawakili wa asasi sasa hushikilia kwamba mkataba wa kwanza kabisa useme asasi itanunua bila kumsubiri mtu mwingine, bei itakokotolewa vipi, na akiba ya matengenezo iliyowekwa kwa miaka yote hiyo itabaki na jengo.