Kunyamaza Si Kukubali

Leo twataka tuitafakari picha moja, ingawa kwa redio hatuwezi kuwaonyesha. Ilichorwa Roma mwaka 1610 na msichana wa miaka 17, Artemisia Gentileschi. Jina lake ni Susana na Wazee.

Kisa chenyewe kimo katika Apokrifa, vitabu ambavyo sisi Waanglikana huvisoma ili tujifunze mwenendo mwema. Huko Babeli wazee wawili, waamuzi wa watu, walijificha bustanini Susana alipotaka kuoga. Wakamwambia alale nao. Akikataa, watamshtaki kwamba wamemfumania na kijana. Na adhabu ya uzinzi ilikuwa kifo.

Hebu tujiulize: kama Susana angekubali kwa hofu hiyo, je, tungesema ameridhia? Hasha! Ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru wa kukataa. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono, ya mwaka 2006, yafundisha vivyo hivyo: anayeridhia amechagua mwenyewe, tena ana uhuru na uwezo wa kuchagua. Basi tajiri amtishaye mfanyakazi wake kumwachisha kazi asijitetee kwamba hakumpiga. Amefanana na wazee wale.

Wachoraji wengi kabla ya Artemisia walimchora Susana ametulia, apendeze macho, hata mtazamaji akawa kama mzee wa tatu. Artemisia alimchora amejikunja juu ya benchi la mawe, uso ameugeuza, mikono ameinua kuwazuia. Wazee wameinama ukutani juu yake, na mmoja ameweka kidole mdomoni: nyamaza! Hapo hatuoni anasa. Twaona mtu anayeteswa.

Mwaka uliofuata, 1611, mchoraji Agostino Tassi alimnajisi Artemisia mwenyewe kwa nguvu. Katika kesi ya 1612 vidole vyake vilifungwa kamba, zikakazwa, ili ijulikane kama asema kweli. Hakuligeuza neno lake, na Tassi akaonekana ana hatia. Lakini tazameni: aliyeumizwa ndiye aliyeumizwa tena.

Danieli hakufanya hivyo. Susana alikuwa amekwisha kuhukumiwa kufa, lakini Danieli aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Wakataja miti mbalimbali, na uwongo wao ukafichuka.

Nasi tufanyeje? Vijana wenu na waigize kisa hiki kanisani. Wakifika bustanini, wasimame kidogo, mkawaulize watazamaji: Susana ana njia gani? Ni nani aliyemziba kinywa? Asiyeweza kusema, "Fulani alinilazimisha," huenda akaweza kusema habari za Susana, na huo ukawa mwanzo wa kufunguka.

Naye akija kwenu, msimwulize alivaa nini, wala kwa nini hakupiga kelele. Msikilizeni. Mfikisheni hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, kisha mwende naye polisi. Wako wasemao kunyamaza ni kukubali; kumbukeni kile kidole mdomoni.

Ee Mungu, utupe masikio ya kuwasikia walionyamazishwa. Amina.