Kupuliza Saksafoni Ukubwani: Jiandae kwa Mtihani, Usiusahau Mwili

Miaka michache iliyopita alifika hospitalini kwetu mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Kyerwa. Umri wake ulikuwa miaka 52, na alikuwa akikohoa kwa wiki ya tano. Nilipomuuliza kwa nini amechelewa, alicheka kidogo akasema, "Sista, huu si ugonjwa. Ni domo la bata tu. Najiandaa kwa mtihani."

Domo la bata ni jina ambalo wapenzi wa muziki wa dansi wameipa saksafoni. Mwalimu alikuwa amenunua moja iliyokwisha kutumika, akajifunza kusoma noti, na alibakiza miezi miwili afanye mtihani wa daraja la pili. Aliamini kwamba kikohozi kimeletwa na kupuliza, na kwamba amekonda kwa sababu ya mazoezi. Tulipima makohozi yake. Alikuwa na kifua kikuu.

Nasimulia habari hii kwa ruhusa yake, maana inatufundisha jambo. Kujifunza muziki ukubwani ni kuzuri, lakini kazi hii hufanywa kwa mwili, na mwili wa mtu mzima unahitaji kuangaliwa.

Mtihani wenyewe ukoje?

Mitihani hii inayojulikana sana hutolewa na bodi ya Uingereza iitwayo ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889. Ina madaraja 8. Hakuna kikomo cha umri, wala si lazima uanzie daraja la kwanza. Katika mtihani wa kawaida unapiga vipande vitatu, unapiga skeli, unasoma noti usizoziona kabla, kisha unapimwa sikio. Jumla ya alama ni 150, na anayepata 100 amefaulu. Huhitaji kufaulu kila sehemu; ukikosea kipande kimoja, vingine vyaweza kukuokoa. Tangu mwaka 2020 upo pia mtihani wa kurekodi video, ambao unapiga vipande vinne mfululizo bila kukatiza. Kwa mtu wa Kayanga, Nkwenda au Murongo, huo unapunguza safari.

Kabla ya kuanza

Je, una presha? Ipime, na usiache dawa zako. Una ngiri, presha ya macho, pumu au ugonjwa wa moyo? Muone daktari kwanza, kwa sababu kupuliza huongeza mgandamizo kifuani, tumboni na kichwani. Tazamisha meno pia. Katika saksafoni meno ya juu hukaa juu ya kipande cha mdomoni, hivyo jino linalolegea au bovu litakusumbua. Mwenye meno ya bandia anaweza kujifunza, mradi yamekaa imara.

Mazoezi ya kila siku

Watu wazima wana kosa moja: wiki nzima hawagusi chombo, halafu Jumamosi wanapuliza saa tatu mfululizo. Misuli ya midomo huchoka kama misuli ya mkono wa mlimaji. Dakika 20 au 30 kila siku zinafaa zaidi. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini, pumua polepole.

Vuta pumzi hadi tumbo litoke nje, usiinue mabega. Msuli mkubwa ulio chini ya mapafu ndio unaofanya kazi. Saksafoni ya alto ina uzito wa kama kilo mbili na nusu, kwa hiyo rekebisha mkanda wa shingoni hadi chombo kikufikie mdomoni, wewe usikiinamie. Ukisikia ganzi vidoleni au maumivu ya shingo, pumzika.

Usifanyie mazoezi karibu na jiko la kuni, maana moshi huumiza mapafu. Fungua madirisha. Chumba kidogo chenye bati huongeza kelele, na masikio yakianza kuvuma hiyo ni dalili ya kuacha kwa siku hiyo.

Usafi

Piga mswaki kabla ya kupuliza. Ukimaliza, futa chombo ndani na osha kipande cha mdomoni kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto hukiharibu. Kile kilimi chembamba cha tete ambacho wapulizaji hukiita ridi kisitumiwe na watu wawili.

Siku ya mtihani

Mikono kutetemeka na mdomo kukauka ni kawaida. Zoea mapema kwa kupiga vipande vyako mbele ya familia au jirani. Usitafute ujasiri katika lubisi wala konyagi. Pombe huharibu pumzi na vidole. Hata kahawa yetu ya kutafuna, ambayo huku humkaribisha mgeni, ipunguze siku hiyo, maana huongeza mapigo ya moyo. Kula chakula chepesi na unywe maji.

Jambo la kutosahau

Kikohozi cha wiki mbili usikichukulie kuwa kimeletwa tu na kupuliza saksafoni. Ukikohoa muda huo, ukitoka jasho usiku, ukikonda au ukitema damu, nenda ukapimwe mara moja. Kifua kikuu huenea kwa hewa, hasa katika chumba kilichofungwa. Hakiambukizwi kwa kushika chombo wala kula sahani moja, kwa hiyo mgonjwa asitengwe kwa hofu hiyo. Matibabu hutolewa bure na kwa kawaida huchukua miezi 6.

Mke wa mwalimu yule na vijana wawili waliokuwa wakijifunza naye chumba kimoja waliitwa wapimwe. Kijana mmoja naye alikuwa mgonjwa. Jambo hilo lilimuumiza mwalimu kuliko kuahirisha mtihani. "Ningekuja wiki ya pili, Sista," aliniambia.

Wote wawili walimeza dawa hadi mwisho na wakapona. Mwaka uliofuata mwalimu alifanya mtihani wake na akafaulu kwa alama chache juu ya 100. Alikuja wodini kutuonyesha cheti, kijana akiwa nyuma yake amebeba domo la bata.

Jifunze basi, ndugu msomaji. Hujachelewa. Lakini kikohozi usikisingizie muziki.