Umbizo na Kuumbiza: Maana Mbili Zisizopaswa Kuchanganywa

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 ni ile ya umbizo la disketi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mpango wa disketi na kwa tendo la kuuweka mpango huo. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenga maana hizo, nasi twaona kwamba hakina budi kuzitenga.

Umbizo ni mpango wenyewe. Uso wa disketi hugawanywa katika duara nyingi, moja ndani ya nyingine, na kila duara hukatwa vipande. Duara hizo twaziita mizingo, wala si njia. Kwani njia huanza hapa ikaishia kule, ilhali mzingo hujirudia. Sehemu zake twaziita vipande, maana neno sekta limekwisha kuzoeleka katika uchumi.

Tutazame mfano. Disketi ya inchi 5.25 katika Apple II, kwa DOS 3.3 ya mwaka 1980, ilikuwa na upande 1, mizingo 35, vipande 16 kwa kila mzingo na baiti 256 kwa kila kipande: jumla baiti 143,360. Katika IBM PC, kwa DOS 2.0 ya mwaka 1983, disketi ya ukubwa huo huo iliweza kuwa na pande 2, mizingo 40 kila upande, vipande 9 na baiti 512: jumla baiti 368,640. Hata namna ya kuandika alama za sumaku ilitofautiana. Kwa hiyo disketi mbili zilizofanana kwa macho hazikusomeka katika mashine moja.

Kuumbiza ni tendo la kuandika mpango huo juu ya disketi, na tendo hilo hufuta yaliyokuwamo. Mfasiri akiandika "tayarisha disketi", msomaji ambaye mashine yake imeshindwa kuisoma disketi ya zamani atadhani anafagia uwanja, kumbe anabomoa nyumba. Maandishi yaliyodumu miaka arobaini yatapotea, na pengine nakala nyingine haipo.

Hivyo basi, twapendekeza umbizo litajwe daima kwa tarakimu nne: pande, mizingo, vipande na baiti. Na popote litokeapo neno kuumbiza, lifuatwe na onyo la wazi kwamba yote yaliyomo yatafutika.