Majani ya mchungwa yakigeuka manjano: tazama kwanza, nunua dawa baadaye

Uani mwa nyumba nyingi hapa Kwale hapakosi mlimau, mndimu au mchungwa. Ndimu ni za kukamulia samaki na kutia achari, na machungwa yakizaa vizuri hubaki ya kuuza kando ya barabara. Kwa hivyo majani yanapoanza kugeuka manjano, wengi hukimbilia agroveti na kununua chupa ya kwanza wanayoonyeshwa.

Lakini manjano si ugonjwa mmoja. Ni dalili tu, kama ilivyo homa kwa binadamu. Mara nyingi mti una njaa, kiu au umesimama kwenye maji, na unaweza kutibiwa hapo nyumbani. Ipo hata hivyo aina moja ya manjano isiyo na tiba, na ambayo huhamia miti ya jirani. Kuzitofautisha kunahitaji macho na kalamu.

Ni majani gani yaliyoanza?

Majani machache ya zamani kuwa manjano na kuanguka ni kawaida. Yakiwa mengi, angalia kama yaliyoanza ni ya chini, yaliyokomaa, au ni machanga ya nchani. Baadhi ya virutubisho mti huweza kuvitoa kwenye majani makuukuu na kuvipeleka kwa machanga, hivyo vikipungua, makuukuu ndiyo huumia kwanza. Vingine havihami, na vikikosekana machanga ndiyo huonyesha.

Majani makuukuu yakiwa manjano yote, sawasawa, mti umekosa nitrojeni. Hili ni la kawaida kwenye udongo wa kichanga kama ule wa Shimba Hills, ambapo mvua kubwa hushukisha mbolea chini kupita mizizi. Mti mkubwa utilie debe moja la samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri mvua zinapoanza. Isirundikwe shinani. Itandaze kuzunguka mti, pale kivuli cha matawi kinapoishia, kwa kuwa ndipo ilipo mizizi inayokula.

Jani kuukuu likiwa manjano pembeni huku sehemu ya karibu na kikonyo ikibaki kijani, mfano wa kabari, kilichopungua ni magnesiamu. Agroveti huuza magnesiamu salfeti. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Machanga yakiwa manjano na mishipa ya kijani

Wakazi wa Diani, Tiwi na ufuo wa Msambweni huona hili zaidi. Jani changa huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani kama wavu. Wakati mwingine majani huwa madogo, membamba na yamesongamana. Hapo mti umekosa madini ya chuma, zinki au manganisi.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Udongo wa ufuoni umetokana na mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Madini hayo yanaweza kuwemo udongoni, lakini chokaa huyafunga na mizizi ikashindwa kuyanyonya. Kwa hivyo kuongeza samadi pekee hakutoshi. Nyunyizia majani mbolea ya maji yenye zinki, manganisi na chuma, asubuhi au jioni, majani machanga yanapokuwa yamefunguka. Funika udongo kwa majani makavu na mboji. Usimwage majivu ya jikoni shinani, wala usipande mti mahali palipomwagwa saruji na vifusi vya ujenzi, kwani vyote huongeza hali ileile ya chokaa.

Ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia, onja maji ya kisima. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvi. Maji ya mvua yakivunwa kwenye mapipa husaidia mti kama yanavyosaidia nyumba.

Mti mzima ukinyong'onyea

Mti mzima ukiwa manjano na majani yamelegea ilhali udongo umelowa, mizizi inakosa hewa. Hutokea wakati wa masika, na pia kwa mti uliopandwa mahali maji ya bafu au ya kuoshea vyombo yanapoishia. Chimba mfereji uyaondoe maji, na uondoe udongo uliofunika shina. Ukiona utomvu unatoka karibu na ardhi na gome linaoza, ni ukungu wa mizizi, na kuzidisha maji au mbolea kutaharakisha kufa kwa mti.

Geuza pia jani uangalie chini. Vidukari na wadudu gamba hufyonza utomvu na kuacha uchafu mweusi kama masizi. Wakiwa wachache, maji ya sabuni hutosha.

Manjano ya kuripoti

Sasa chukua kalamu. Kwenye jani lenye manjano, chora duara dogo upande mmoja wa mshipa wa kati, kisha lingine mkabala wake upande wa pili. Ikiwa ni njaa ya virutubisho, pande mbili hufanana, kama uso na kioo chake. Zikitofautiana, upande mmoja una doa la manjano na wa pili ni kijani, shuku ugonjwa wa kijani wa machungwa. Ugonjwa huo mara nyingi huanza na tawi moja. Matunda huwa madogo, yamepinda upande, chungu, na hubaki kijani hata yakikomaa.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria na hubebwa na kijidudu cha milimita tatu au nne, kinachokaa kwenye machipukizi kikiwa kimeinamisha kichwa na kuinua mkia. Kenya imeujua kwa miaka mingi, ila aina yake ya Kiafrika hupenda baridi ya nyanda za juu. Joto la Pwani lilikuwa kinga yetu. Aina ya Kiasia inastahimili joto. Kijidudu chake kiliripotiwa Tanzania mwaka 2016, kisha nchini Kenya mwaka 2017, na mwaka 2020 watafiti wakatangaza kuwa bakteria wa aina hiyo wamepatikana Kenya. Kinga hiyo hatuwezi kuitegemea tena.

Tunda la mti mgonjwa halimdhuru mlaji. Mti wenyewe ndio hauna dawa. Ukithibitishwa kuwa mgonjwa, hung'olewa pamoja na mizizi ili kuokoa iliyobaki.

Kwa hivyo ukiona dalili hizi, usikate tawi kulibeba hadi ofisini, kwa maana utawasafirisha wadudu njia nzima. Piga picha ya jani, ya tunda na ya mti mzima, umwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi yako. Yeye atakuja kuchukua sampuli na kuipeleka maabara. Usimpe jirani kikonyo cha kubebeshea kutoka kwa mti unaoushuku, hata kama ulikuwa ukizaa sana. Na unaponunua miche, iwe ya Kikoneni au iliyovushwa Lunga Lunga, uliza kama kitalu kimekaguliwa na KEPHIS. Mche wa bei rahisi usiojulikana ulikotoka unaweza kugharimu miti ya mtaa mzima.

Kabla ya kufungua pochi, basi, zunguka mti wako asubuhi moja. Angalia majani ya chini, ya nchani, na udongo. Mengi utayatatua kwa samadi, mfereji na subira. Pande mbili za jani zikikataa kufanana, mwite afisa.