Uholanzi, Nchi Iliyo Chini ya Bahari

Msafiri ashukaye ndegeni huko Schiphol, karibu na mji wa Amsterdam, hukanyaga ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari kwa futi 11 hivi. Zamani mahali hapo palikuwa ziwa kubwa, na mwaka 1573 merikebu za vita zilipigana humo. Maji yalivutwa kwa mashine za mvuke, na mwaka 1852 ziwa likawa nchi kavu.

Uholanzi ni nchi ndogo. Kenya yaizidi mara 14 hivi. Karibu robo ya ardhi yake iko chini ya bahari. Basi, wenyeji hawaghariki? Wao hujenga matuta makubwa ya udongo na mawe, huchimba mifereji, na kuyatoa maji usiku na mchana: zamani kwa vinu vya upepo, siku hizi kwa pampu. Tuta moja, lililomalizika mwaka 1932, lina urefu wa maili 20.

Hata hivyo bahari ni adui asiyelala. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba iliyabomoa matuta ya kusini-magharibi, na watu 1,836 wakafa. Baada ya msiba huo yakajengwa malango makubwa ya chuma, yafungwayo bahari ichafukapo.

Kazi hiyo haikuachiwa serikali kuu peke yake. Tangu karne ya 13 wenyeji wana mabaraza ya maji. Huwachagua wajumbe, na kila nyumba hulipa kodi yake.

Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mholanzi asipoziba ufa, hatapata hata pa kuujenga ukuta.