Mizani Ni ya Trela, Si ya Manzi

Wasee wa Busia na Malaba, cheki. Kuna form iliisha kitambo na bado mnaishikilia. Kubonga juu ya mwili ya mtu. "Eish, umefura!" "Mbona umekonda hivi?" "Wee, leo umefungasha!" Hiyo si salamu. Si utani. Si mistari. Ni ushamba, na unanuka.

Hapa kwetu kitu ya kupimwa kilo ni trela. Inatoka Mombasa, inapanda mizani Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye. Sheria ya East Africa inasema ikipita tani 56 na mzigo yake, kuna kesi. Hiyo ni sawa, barabara ni yetu sote. Lakini manzi akishuka nduthi hapo stage, nani alikuandika kazi ya mizani? Utampea risiti?

Cheki vile huenda Malaba. Trela zimepiga laini zikingoja clearance. Madere wameboeka. Manzi anapita na hotpot ya chapo, thermos ya chai, mayai boilo kwa ndoo. Dirisha ya kwanza inashuka: "Msupa, hizo chapo umemada ngapi?" Ya pili: "Geuka tuone mzigo." Ya tatu inaitisha chai mbili na hiyo hiyo story, so manzi anacheka. Umeona hapo? Hiyo kicheko ni ya chai mbili. Akinuna, chapo zinarudi keja zikiwa baridi. Na wewe unaenda kuambia mbogi, "Alipenda." Hakupenda. Alikuwa job.

Mitumba Busia, story ni ile ile. Manzi ameshika jeans, anaijaribu juu ya leso mbele ya watu, muuzaji anapiga nduru: "Hiyo haikuingii mama, hizo hips umetoa wapi?" Soko mzima inageuka. Jeans inarudi kwa rundo, manzi anajitoa. Boss, umekosa doo juu ya mdomo. Muuzaji mwenye ako rada hunyamaza, anachomoa size ingine huko chini, anashika chapaa yake. Huyo ndio hustler.

Sasa wazae. Hapo ndio comedy iko. Shosh hajakuona tangu December, hata hajauliza exam ilienda aje, ashakufinya mkono na kutangaza kilo. "Umenona! Town imekukubali." Ukikonda: "Nani amekuroga?" Ukiwa katikati: "Utaolewa lini?" Hakuna kilo inawatosha. Wanasema zamani walikuwa wanaambiana hivyo na hakuna mtu alikufa. Zamani pia mlivuka border mmekalia carrier ya baiskeli. Boda ilizaliwa hapa Busia miaka ya 60, pedal tupu. Leo ni nduthi, na hakuna mzae ameomba turudi kwa pedal. So hata mdomo ipige upgrade.

Na hii ya "umekonda" ni nzito kuliko vile mnadhani. Miaka ya 80, Uganda waliita Ukimwi Slim, juu watu walikuwa wanakonda hadi wanaisha. Mwaka wa 1985 madaktari waliiandika na hilo jina kwa jarida la Lancet. Ugonjwa ulichapa sana miji za hii barabara ya matrela. Familia za hapa zilizika watu wao. So ukimrushia msee "umekonda" mbele ya base, hubongi mambo ya belt. Unawaachia watu story ya kumalizia akishaenda. Labda ni stress. Labda ni fees. Labda alianza kukimbia asubuhi. Haikuhusu hadi akwambie mwenyewe.

Unadhani ukisifu uko safe? February 2019, hapo ng'ambo, waziri mdogo wa utalii Godfrey Kiwanda alizindua Miss Curvy Uganda, akisema wanawake wenye shape ni kivutio cha watalii. Gorilla, Nile, na sasa hips za wenyewe. Maresh wa Uganda waliwaka, petition ikatoka, na walikuwa right kabisa. Sifa ya kukuweka kwa maonyesho hiyo ni matusi imevaa suti.

Kenya pia tulioneshwa mahali hii mambo huishia. November 2014, Nairobi, wasee wa stage walimvua manzi nguo wakisema amevaa vibaya. Ilianza na mdomo, ikaisha na mikono. Wanawake wakajaza barabara na My Dress My Choice, na kabla mwaka uishe sheria ikabadilishwa: ukimvua mtu nguo, unakula miaka isiyopungua 10 ndani. Kumi! Kijana wa stage, piga hiyo hesabu pole pole.

Na bill hulipwa na nani? Manzi akiambiwa "umekuwa mweusi sana" anaenda kununua cream. Zile za mercury na hydroquinone Kenya ilizipiga marufuku kitambo, lakini panya route haina marufuku. Mercury inaharibu figo. Boy akiitwa "njiti" kila siku, anaanza kunywa poda ya gym hata hajui imetoka wapi. Doo ya luku mzima imeisha kwa kopo moja, juu fala fulani alikuwa bored. Wewe ulibonga bure. Mwenzako analipa kila mwezi.

So form ni hii. Sifu kitu msee amejichagulia. Njumu. Braids. Kitenge ya Kampala imeshonwa ikakubali. Vile anapiga ball. Vile amejenga biz yake. Zipu ikiwa wazi, mnong'oneze, atafunga na mtaendelea. Mwili nayo haifungwi kabla nduthi iwake. Na beshte yako akibadilika hadi roho ikushtuke, mvute kando, muulize, "Uko aje, kweli?" Kisha ungoje jibu.

Maboyz wa stage, hii ni yenu. Mbogi ikianza kumchambua mtu, usicheke. Kicheko ndio petroli. Sema tu "Wachaneni na yeye," then uweke story ya Arsenal. Watakuangalia vibaya kidogo. Wacha waangalie. Msee wa kunyamazisha base yake mwenyewe ndio ako juu hapa border. Hao wengine wanapiga tu hooter.