Maji Yanayopima Kipimajoto

Mama anayempeleka mtoto kliniki, awe wa Mbagala au Tandale, huiona sindano; jokofu la chanjo halioni. Humo chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi, ya polio huharibika upesi. Ikiganda, ya pepopunda haifai tena. Je, kipimajoto cha jokofu kikidanganya?

Ndiyo maana vipimajoto huhakikiwa, kazi ambayo Shirika la Viwango (TBS) pale Ubungo huiita ugezi. Kipimajoto huzamishwa katika beseni la maji yanayopashwa moto na kukorogwa kwa mashine, pamoja na kingine ambacho usahihi wake umethibitishwa, kisha visomo hulinganishwa.

Beseni hilo nalo lataka matunzo. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na sote tunaujua ule ukoko mweupe wa birika. Ukishika koili, joto halitoki sawasawa. Hivyo hutiwa maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, na yakipungua huongezwa kabla koili haijabaki wazi ikaungua. Yakifanya utelezi, umeme huzimwa, beseni hupoa, maji humwagwa yote, ndipo husafishwa kwa kitambaa laini. Kikorogeo kikikwama, juu huwa moto na chini baridi, kama ndoo ya kuogea ambayo haijakorogwa. Hapo hakuna kisomo cha kuaminika.

Tunawasihi wazazi: kipimajoto cha homa msikijaribu nyumbani kwa maji ya moto. Cha kioo hupasuka.